Nyumba Isiyovuja Joto: Mwongozo wa Msimu wa Baridi kwa Wakazi wa Nyanda za Juu

Juni ikiingia, mtu wa Njombe, Makete au Mufindi haulizi kama baridi itakuja. Anauliza mwaka huu itabana kiasi gani. Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo kule Makete unafika mita 2,600 na zaidi. Huko, asubuhi za Juni na Julai, sakitu hulala juu ya majani ya viazi, na hadi saa nne majani yameshakuwa meusi. Ndani ya nyumba nyingi hali haipishani sana na ya nje: tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, bati bila dari, sakafu tupu ya saruji, mlango unaoonyesha mwanga chini.

Baridi ikishabana, tunakimbilia kutafuta kitu cha kuwasha, na hapo ndipo ninapotofautiana na desturi yetu. Nyumba yako inapata joto kila siku. Jua linaipasha mchana, jiko la kupikia linaipasha jioni, na kila mtu mzima aliyekaa ametulia anatoa joto linalokaribia lile la balbu ya wati 100. Watu watano sebuleni ni joto la maana. Tatizo ni kwamba halikai. Linatoka juu kwenye bati, linatoka mlangoni, linanyonywa na sakafu. Ukiwasha moto kabla ya kuziba, unapasha mtaa. Ndiyo maana katika mwongozo huu chanzo cha joto kiko karibu na mwisho, na ninakuomba ufuate mpangilio huo hata kama mfuko unaruhusu kununua hita leo.

Kabla ya hatua ya kwanza: jiko la mkaa halilali na watu

Kila msimu wa baridi tunazika watu waliokufa usingizini baada ya kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Wamo wazazi na watoto wao, wamo wanafunzi waliopanga chumba kimoja. Ni vifo vinavyoepukika, na vinaniuma kila nikivisikia, kwa hiyo naanza na hili kabla ya jambo lolote.

Kinachoua ni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka mkaa unapoungua. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inajishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu inazunguka mwilini bila kubeba hewa ya kukuweka hai. Imani inayowaponza watu ni ile ya kusema, "Mkaa umeshakolea, hautoi moshi, uingize tu." Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama. Makaa mekundu yaliyotulia yanatoa sumu hiyo kwa wingi, tena bila kukupa onyo lolote. Moshi ungekukohoza ukatoka. Makaa mekundu yanakubembeleza ulale.

Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Kufunika makaa kwa majivu si kinga pia, kwa sababu yanaendelea kuungua chini kwa chini hadi alfajiri. Jenereta nayo isiwashwe ndani wala barazani karibu na dirisha, maana inatoa sumu ileile.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Wakiumwa kichwa watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na wakapata nafuu wakitoka nje, msiseme ni mafua. Tokeni wote, fungueni milango na madirisha, litoeni jiko, na aliyelegea au aliyezimia akimbizwe hospitali. Mkifika, mwambieni daktari wazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani, ili asipoteze muda kutafuta ugonjwa mwingine. Mama mjamzito apelekwe hata kama anajiona mzima, maana mtoto tumboni anadhurika kabla mama hajazidiwa.

Kwa hiyo pikeni, oteni moto jikoni au nje, kisha jiko libaki huko.

Hatua ya kwanza: tafuta matundu usiku

Kazi hii inataka watu wawili na tochi moja. Giza likishaingia, zima taa zote, wewe ubaki ndani. Mwenzako azunguke nje polepole akimulika kuta, kingo za madirisha, chini ya mlango na pale bati linapokutana na ukuta. Kila unapoona mwanga umepenya, weka alama kwa chaki. Utashangaa. Katika nyumba ya tofali za kuchoma ambayo haijapigwa lipu, mwanga unaingia katikati ya ukuta kwenye maungio ambayo mchana huoni kitu.

Kisha washa kijiti cha udi, uzime mwali wake, ukipitishe taratibu kwenye kingo zote siku yenye upepo. Moshi ukipinda, hewa inapita hapo. Kaa mbali na mapazia.

Angalia zaidi upande wa kusini na mashariki. Miezi ya Juni hadi Agosti ni miezi ya kusi, na upepo ule unaopanda kutoka kusini mashariki ndio unaotuletea ukungu na manyunyu yasiyoisha. Tundu dogo upande huo linaumiza kuliko kubwa la upande wa kaskazini.

Hatua ya pili: ziba, lakini si kila kitu

Anza na mlango, kwa sababu ni kazi ya nusu saa na matokeo yake unayasikia miguuni usiku uleule. Nenda kwa fundi baiskeli au fundi magari uombe tyubu iliyochakaa. Ikate ukanda wa upana wa sentimita 8, urefu sawa na mlango. Upigilie chini ya mlango kwa ndani ili ukingo wake uguse sakafu na kupinda kidogo, usikwame. Misumari mifupi peke yake itachana mpira baada ya wiki chache, kwa hiyo chukua vizibo vya soda, vibonde viwe bapa, kisha pitisha kila msumari katikati ya kizibo kabla ya kuupigilia. Kizibo kinasambaza mkandamizo na mpira haukatiki. Weka kimoja kila baada ya sentimita 10. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki misumari, chukua mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, ujaze vitambaa au maranda, ushone pande zote mbili, uulaze chini ya mlango kila jioni.

Madirisha ya vioo vya luva ndiyo adui mkubwa. Hata ukiyafunga kwa nguvu, kila kioo kinaacha ufa. Kwa msimu wa baridi, nyoosha nailoni nzito inayopitisha mwanga upande wa ndani wa fremu, uibane kwa vibao vyembamba pande zote nne. Ile hewa iliyofungiwa kati ya nailoni na vioo ndiyo inayozuia baridi, basi nailoni isiguse vioo na isiwe na pengo pembeni. Mwanga unaendelea kuingia. Septemba unaibandua, unaikunja, unaitumia tena mwakani. Dirisha moja katika kila chumba liache bila nailoni ili liweze kufunguliwa.

Kwenye fremu za mbao zilizopinda, ziba nyufa kwa puti. Maungio ya tofali yanayopitisha mwanga yajaze saruji kidogo na mchanga, au udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga kama fedha ni ndogo. Ukipata uwezo, piga lipu ndani kwanza. Ukuta mzima ukishapigwa lipu, upepo hauna njia.

Sasa pale bati linapokutana na ukuta. Kama nyumba haina dari, yale mawimbi ya bati yameacha safu ya matundu kuzunguka nyumba nzima, na joto lote linalopanda linatokea hapo. Yazibe kwa vipande vya tofali na udongo. Kama una dari, yaache hapo juu yalivyo, maana mbao za kenchi zinahitaji hewa zisioze. Wewe ziba nyufa za ukingo wa dari kwa ndani.

Chumba cha kupikia usikizibe kamwe. Moshi wa kuni na hewa ya mkaa vinahitaji pa kutokea, na jiko la gesi nalo linataka hewa. Hata chumbani, tundu moja la hewa juu ya dirisha libaki wazi. Watu wanne wanaolala wanatoa mvuke mwingi kwa pumzi zao usiku kucha; ukiufungia, utaamka na kuta zilizolowa, na baada ya mwezi kuvu nyeusi pembeni mwa kabati.

Hatua ya tatu: weka dari

Ukiwa na fedha ya jambo moja kubwa tu, iwe hili. Hewa ya moto hupanda, na bati halizuii chochote. Zaidi ya hapo, usiku usio na mawingu bati linatoa joto lake kwenda angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana asubuhi ya anga safi matone yanadondoka kitandani ilhali mvua haijanyesha: ni pumzi zenu zilizogusa bati baridi zikawa maji.

Jipsamu, mbao za msindano au silingi bodi, zote zinafaa. Mbao huku kwetu hazipatikani mbali, na fundi wa kawaida anaziweza. Kinachotakiwa ni maungio yabane. Huna uwezo wa nyumba nzima? Weka chumba kimoja, kile wanacholala watoto na wazee. Hata kitambaa kizito au turubai jepesi lililonyooshwa chini ya kenchi linasaidia kwa msimu mmoja, mradi liwe mbali na balbu na nyaya.

Juu ya dari unaweza kulaza pamba ya kioo, yale marobota yanayouzwa kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi. Fundi avae glavu, barakoa na mikono mirefu, kwani inawasha. Usijaze maranda, nyasi kavu wala maboksi huko juu. Nyaya za umeme zinapita humohumo, na cheche moja inatosha.

Hatua ya nne: tumia jua la kaskazini

Sisi tuko kusini mwa Ikweta, na mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini wa anga. Dirisha linalotazama kaskazini linapata jua karibu siku nzima. La kusini halilioni kabisa. Wengi tunafunga mapazia yote asubuhi hadi jioni kwa kuogopa baridi, na tunalizuia joto la bure.

Ratiba yangu ni hii. Saa nne asubuhi, ukungu ukishapanda, fungua mapazia ya kaskazini na mashariki, na ufungue madirisha dakika kumi hadi kumi na tano ili hewa yenye unyevu itoke. Hewa ikishabadilika funga vioo, mapazia yabaki wazi. Mchana fungua mapazia ya magharibi. Saa kumi na moja jioni, kabla jua halijazama, funga kila kitu. Ukisubiri mpaka giza, joto la kuta limeshaanza kuondoka. Pazia liwe zito, lifike chini ya ukingo wa dirisha, na juu lisiache pengo.

Nguo zilizofuliwa zianikwe nje au barazani. Ndoo nzima ya maji inayokaukia sebuleni inaipoza nyumba na kuilowesha kwa pamoja.

Hatua ya tano: sakafu

Saruji inanyonya joto la miguu bila kuchoka. Zulia au mkeka vinasaidia, ila mkeka mmoja juu ya saruji hautoshi kwa mtoto anayetambaa. Chini yake tandika maboksi yaliyofunguliwa au sponji nyembamba. Wageni wavue viatu, wenyeji wavae soksi na ndala za ndani. Yatosha.

Hatua ya sita: panga kitanda upya

Watu wanarundika mablanketi juu na kusahau kwamba baridi ya usiku inatoka chini pia. Kitanda cha chaga kinapitisha hewa baridi chini ya godoro usiku kucha, na uzito wa mwili wako unalibana godoro likawa jembamba pale ulipolala. Toa godoro, tandika juu ya chaga boksi pana au zulia la zamani, rudisha godoro, kisha weka blanketi moja chini ya shuka. Utaona blanketi hilo moja linafanya kazi kuliko mawili ya juu.

Kitanda kisogezwe kutoka ukuta wa nje, angalau upana wa kiganja. Kichwa kielekee ukuta wa ndani. Nguo za kulalia ziwe nyepesi mbili tatu kuliko moja nzito, maana hewa iliyokaa katikati yake ndiyo blanketi la kweli. Wazee wavae kofia.

Mfuko wa mpira wa maji ya moto ni kifaa ninachokipenda kuliko hita yoyote. Chemsha maji, yaache yapoe dakika chache, jaza theluthi mbili tu, minya hewa yote itoke kabla ya kufunga, kisha ufunge ndani ya taulo. Uweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Kila msimu kagua mpira kama umeanza kupasuka. Chupa za soda za plastiki zinalegea kwa maji ya moto na kumwagika, usizitumie. Kwa mtoto mchanga, pasha kitanda kwanza kisha uondoe mfuko kabla hujamlaza. Mtoto huyo asifunikwe uso, asirundikiwe mablanketi mazito. Avae nguo za kutosha, na usiku wa baridi kali ngozi ya mama kifuani inampa joto zuri kuliko kitu kingine.

Na pombe haipashi. Inapanua mishipa ya ngozi, unajisikia moto, huku mwili unapoteza joto haraka kuliko kabla hujanywa. Uji wa moto kabla ya kulala unafaa zaidi.

Hatua ya saba: sasa chanzo cha joto

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa 2018, linapendekeza ndani ya nyumba kusishuke chini ya nyuzi joto 18 kwa nchi zenye majira ya baridi. Nyumba nzima ya Makete kufika hapo Julai ni kazi ngumu. Chumba kimoja kinawezekana. Kwa hiyo chagueni chumba kimoja cha jioni, kidogo, chenye dari, kisicho upande wa kusini. Watu wote wakae humo, watoto wafanyie kazi zao za shule humo. Tundika kipimajoto ukutani ili mjue mnapiga hatua au la.

Hita ya umeme ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Ukiiwasha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku ni uniti 8 kwa siku, 240 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayonunulia LUKU uone kama unaimudu. Ukiwa umeziba na kuweka dari, mara nyingi saa moja ya kupasha chumba kabla ya kulala inatosha. Hita ichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe isipitie waya mwembamba wa kugawa umeme, na nguo zisianikwe juu yake. Blanketi la umeme lenye wati 100 linatumia uniti moja tu kwa saa kumi, kwa hiyo kwa mzee anayelala peke yake ni nafuu mno.

Wenye kuni wajenge chimni. Meko ya wazi inapendeza, lakini sehemu kubwa ya joto lake inapanda na moshi. Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango na bomba linalotoka juu ya bati, linatoa joto jingi zaidi kwa kuni zilezile. Bomba lisiguse mbao za kenchi, na lisafishwe masizi kabla ya Juni, kwani likiziba, sumu ile ya mkaa inarudi ndani. Kuni za miwati na mikaratusi zinatoa makaa yanayodumu. Msindano unawaka haraka na kuacha masizi mengi. Zipasuliwe na kupangwa bandani mapema, ili mvua za masika zisizikute nje. Kuni mbichi zinamaliza joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake.

Kwa anayejenga sasa

Mengi ya haya unaweza kuyapata bila gharama ya ziada ukimwambia fundi mapema. Vyumba vya kulala na sebule vipewe madirisha makubwa upande wa kaskazini. Stoo, bafu na korido ziwe kusini zipokee upepo wa kusi. Madirisha ya kusini yawe madogo. Chagua madirisha ya kufungua kwa bawaba, uachane na luva. Mlango wa mbele ufunguke kwenye kaukumbi kadogo kenye mlango wa pili, ili kila anayeingia asiingie na upepo wa uwanjani. Kuta zipigwe lipu ndani na nje kabla ya kuhamia, na hesabu ya dari iwe ndani ya hesabu ya paa tangu siku unaponunua bati. Kama fedha haitoshi vyumba vyote na dari, punguza vyumba ubaki na dari.